Flashi ya Mteja Isiingie Kwenye Kompyuta ya Duka

Tukiongea na wateja kuhusu usalama, maswali huwa ni yaleyale: PIN, simu za matapeli, ujumbe wa "nimekutumia pesa kimakosa". Sawa kabisa. Lakini kuna tundu dogo ambalo karibu hakuna anayeliuliza, nalo liko ubavuni mwa kompyuta. Ni lile la USB.

Chukua duka la wakala ambalo pia ni saiba. Kompyuta moja ina rekodi za miamala, nakala za vitambulisho na barua za mikopo. Hiyohiyo inachomekwa flashi za kila anayepita: "nipigie chapa hii". Mwingine anaomba, "wacha nichaji simu kidogo". Sisi msimamo wetu ni kwamba kompyuta yenye data ya wateja isipokee flashi, diski ya nje wala simu ya mtu yeyote, hata ya mwenye duka.

Mtasema tunatia chumvi. Lakini nani hajawahi kurudi nyumbani kutoka saiba akapata mafaili yote kwenye flashi yamegeuka njia za mkato? Na hicho ni kirusi chenye adabu, kwa sababu kinajionyesha. Kibaya zaidi ni kile kinachokaa kimya kikirekodi unachoandika, nywila zako zikiwemo.

Wakubwa pia wameumwa. Mwaka 2008 kirusi kiliingia kwenye mitandao ya jeshi la Marekani kupitia flashi, na flashi zikapigwa marufuku huko. Mwaka 2018 IBM nayo iliwaambia wafanyakazi wake waache kabisa kuzitumia. Watafiti waliwahi kuziacha flashi 297 kwenye Chuo Kikuu cha Illinois waone itakuwaje. Karibu zote ziliokotwa, na angalau asilimia 45 zikafunguliwa. Udadisi tu!

Halafu kuna data inayotoka. Orodha nzima ya wateja inaingia kwenye kifaa kidogo kuliko kidole, kisha kifaa kinaanguka kwenye matatu. Mwaka 2017 flashi yenye mafaili ya usalama ya uwanja wa ndege wa Heathrow iliokotwa barabarani London, bila hata nywila. Uwanja ulitozwa faini ya pauni 120,000. Hapa kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka umjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 ikiwa data imevuja na wenyewe wako hatarini kudhurika. Sheria haiulizi kama duka lako ni dogo.

Hoja ya upande wa pili tunaielewa: bando ni ghali, flashi haili bando. Ni kweli. Ndiyo maana hatusemi wateja wafukuzwe. Tenga mashine moja ya kupiga chapa, hata kama ni kuukuu, isiyo na rekodi zozote na isiyotumika kuingia kwenye akaunti za biashara. Ile nyingine ifunge. Windows Pro ina mpangilio wa kuzuia vifaa vyote vya kuhifadhia data, huku kibodi na mausi zikiendelea kufanya kazi kama kawaida. Toleo la Home halina chombo hicho, kwa hivyo muite fundi unayemwamini. Wapo wanaoziba matundu kwa gundi. Tusifike huko jamani.

Nawe mteja, taarifa yako ya miamala inaonyesha jina lako, nambari yako na watu unaowatumia pesa. Ukimaliza kuipiga chapa, hakikisha faili limefutwa kwenye kompyuta na pia kwenye pipa la taka, ukiwa bado umesimama hapo. Na mhudumu akikwambia, "Hapa hatuchomeki flashi, nitumie kwa barua pepe," usikasirike ukahamia duka la jirani. Huyo analinda pia nakala ya kitambulisho chako uliyomwachia mwezi jana.