Jina la Ua na Ulimi wa Mtoto
Mtoto aliyechekwa kwa kutamka "bogenvilia" hanyoshi tena mkono siku hiyo, nasi walimu ndio tuliomnyamazisha. Kichaka hicho asili yake ni Amerika ya Kusini. Jina ni la baharia Mfaransa, Louis-Antoine de Bougainville, ambaye msafara wake ulifika Brazili mwaka 1767. Waingereza na Wafaransa wenyewe hawalitamki kwa namna moja. Kwa nini basi ulimi wa Kiswahili uombe radhi? Afadhali watoto wapande vipande vya matawi yaliyokomaa, penye jua, katika udongo usiotuamisha maji. Yakichanua, wachunguze: zile rangi za zambarau ni majani tu, ua lenyewe ni dogo, jeupe, limejificha katikati.