Msichome nyaya vichochoroni

Mhariri,

Kazi zikiisha, starehe yangu ni kufungua mota mbovu za feni nitoe shaba nyekundu, na koki za zamani kwa ajili ya shaba njano. Huanza na sumaku: ikinasa, hicho ni chuma kilichopakwa rangi tu. Ndiyo maana naumia nionapo vijana wa Kariakoo wakichoma nyaya vichochoroni. Plastiki ya PVC inayofunika nyaya ikiungua hutoa gesi ya asidi na sumu ya dioksini, tena shaba hutoka nyeusi, bei ikashuka. Waya mnene huchunwa vizuri tu kwa kisu. Wanunuzi wa Gerezani, kataeni shaba iliyochomwa. Maofisa wa baraza la mazingira, NEMC, nao wapite jioni, moshi unapopanda.

Msomaji,
Ilala, Dar es Salaam