Tufundisheni asilimia kabla hatujasaini: barua ya wazi kwa Afisa Elimu ya Watu Wazima wa Halmashauri yetu

Ndugu Afisa,

Barua nilizoleta masjala ziligongwa muhuri wa kupokelewa na hazikujibiwa, ndiyo maana hii naiandika hadharani. Sina nia ya kukuvunjia heshima. Lakini ofisi yako ililifunga darasa la jioni la hesabu bila kutuambia, na kufungwa kwake kumenigharimu mashine ya ovaloki niliyoidundulizia kwa miaka mingi ya kushona sare za watoto wa watu. Kwa hiyo nikisema kwa ukali, uvumilie.

Darasa lenyewe unalijua, lilikuwa kwenye orodha yako. Wengi wetu tulimaliza la saba zamani. Asilimia tulifundishwa, tukazijibu kwenye mtihani, tukaziacha huko huko, maana hakuna aliyetuonyesha zinaishi wapi nje ya mtihani. Kazi za sokoni zinakunoa kujumlisha na kutoa kwa kichwa. Muuza dagaa wa mtaani kwetu anarudisha chenji kabla hujamaliza kuhesabu noti zako. Kwa riba hazikunoi. Riba lazima mtu akukalishe chini akufundishe, na mwalimu wetu, mstaafu, alilijua hilo.

Sehemu alitufundisha kwa futi yangu ya kushonea: nusu yadi, robo yadi, thumuni ya yadi, mpaka fundi seremala aliyekaa nyuma akaomba naye aishike, apime mguu wa meza. Jioni moja akatuagiza kila mtu aje na karatasi inayomsumbua nyumbani kwake. Zikaja risiti za umeme za LUKU, zenye VAT asilimia 18 na tozo za REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1. Ikaja mikataba ya mikopo, mingine imekunjwa hadi imechanika kwenye mikunjo. Mwalimu akazitandaza zote mezani, akasema hizi ni somo moja, na somo hilo ni asilimia, tunalianza wiki ijayo.

Wiki iliyofuata tulikuta kufuli. Chumba kimepewa masomo ya ziada ya darasa la saba. Posho ya mwalimu, tuliambiwa na mlinzi, ilikwishasimamishwa kitambo, na yeye mwenyewe hakuandikiwa hata mstari mmoja. Mlinzi, ndugu Afisa. Watu wazima zaidi ya ishirini tuliambiwa na mlinzi wa geti kwamba masomo yetu yamekwisha.

Hiyo ilikuwa 2023. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilikuwa imesimamishwa tangu Aprili. Sare za Januari nazo hazisubiri. Zinashonwa kuanzia Novemba, na vitambaa vinataka fedha taslimu. Nikaenda walikokwenda wanawake wote wa soko letu mwaka ule, kwa wale tunaowaita kausha damu. Shilingi 600,000, miezi sita, riba asilimia 10 kwa mwezi, dhamana ovaloki. Afisa mikopo alinisomea mstari huo, kisha akaweka kidole mahali pa kusaini.

Asilimia 10 ya laki sita ni elfu sitini, hilo nilikuwa nalo. Ambalo hatukufika kufundishwa ni swali la kuuliza kabla ya kushika kalamu: asilimia 10 ya nini? Ya deni linalobaki, au ya laki sita zile zile mpaka mwezi wa mwisho?

Ilikuwa ya laki sita mpaka mwisho. Kila mwezi nilitakiwa kurejesha laki moja ya deni na elfu sitini ya riba, jumla 160,000. Kwa miezi sita riba ni 360,000. Kama ingehesabiwa kwa deni linalobaki, mwezi wa kwanza ningelipa elfu sitini, wa pili hamsini, wa tatu arobaini, hadi elfu kumi mwezi wa sita. Jumla 210,000. Maneno ni yale yale, "asilimia 10 kwa mwezi", na tofauti ni 150,000. Tazama mwezi wa sita peke yake: mkononi mwangu ingebaki laki moja tu ya fedha yao, lakini ningetakiwa niilipie elfu sitini. Hiyo ni asilimia 60 kwa mwezi, kwenye mkataba unaosema 10.

Nililipa miezi minne, shilingi 640,000, zaidi ya nilichochukua. Mwezi wa tano sare zikakosa wanunuzi, na wakaja na guta kuibeba mashine. Tangu hapo nguo zote za kupiga ovaloki napeleka kwa fundi mwingine, na faida ya kila gauni naigawana naye.

Hesabu hiyo niliyokuandikia hapo juu nilifundishwa na mwalimu yule yule, barazani kwake, bila posho, wakati mashine imekwisha kwenda. Ilichukua alasiri moja. Alasiri moja! Somo lililokuwa linafuata wiki ile mliyofunga mlango ndilo hilo, na lingenifikia miezi kabla sijaiona ile karatasi. Ningeuliza asilimia 10 ya nini. Wangenijibu, nami ningeondoka, au ningekopa laki mbili badala ya sita, au ningetafuta mwingine. Darasani kwetu si mimi peke yangu niliyesaini. Mwenzangu wa genge la mboga alisaini. Kijana wa bodaboda alisaini, pikipiki ikaenda. Wote tulikuwa na karatasi zetu pale mezani, zimetandazwa, zinasubiri wiki ijayo.

Najua utasema kazi ya kuwadhibiti wakopeshaji si yako. Ni kweli, ipo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na leseni zinatoka Benki Kuu. Lakini sheria inamlinda mtu anayeweza kuona kwamba ameonewa. Kwenye mkataba wangu kila tarakimu iliandikwa wazi, na uwazi huo haukunisaidia kitu.

Ofisi yako imerithi kazi kubwa. Mwalimu Nyerere aliufanya mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kabla ya hapo, kuanzia 1968, kule Kanda ya Ziwa kisomo chenye manufaa kilikuwa kimeanza pamoja na UNESCO, na vitabu vyake vilijengwa juu ya pamba, ndizi na uvuvi, yaani juu ya riziki ya mtu. Mwaka 1986 serikali ilihesabu wasiojua kusoma wakawa chini ya asilimia 10. Kazi hiyo ilifanyika nchi ikiwa maskini kuliko ilivyo leo. Sasa kuhesabu kumeachwa kana kwamba mtu mzima akishajua kusoma jina lake kwenye fomu basi ameelimika. Na wanaotufuata wana hali hiyo hiyo: katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022, waliofaulu Hisabati walikuwa takriban mmoja kati ya watano. Hao wengine wanne wako mitaani sasa, wana simu, wanakopa kwa kubonyeza.

Mikopo ya halmashauri ilirudi mwaka 2024, tunashukuru. Lakini inataka andiko la mradi, mapato, matumizi, faida. Vikundi vinawalipa vijana wa steshenari wawaandikie tarakimu ambazo hakuna mwanakikundi anayeweza kuzieleza akiulizwa.

Ninachotaka ni hiki. Darasa lifunguliwe, jioni kama lilivyokuwa, maana mchana tuko kazini. Riba na asilimia vifundishwe wiki za mwanzo, visisubiri tumalize kugawanya kwa njia ndefu. Mwalimu alipwe posho yake, pamoja na ile ya nyuma. Na wewe ukae na Afisa Maendeleo ya Jamii, mko jengo moja, mkubaliane kwamba kila kikundi kinachoomba mkopo kinapita kwanza darasani na kinafanya hesabu ya marejesho yake kwa mkono wake.

Fomu za mikopo zinazofuata zitatangazwa karibuni. Nataka mlango uwe wazi kabla hazijaanza kujazwa, na jibu lako nalitaka kwa maandishi.

Wako,
Fundi cherehani, mwanafunzi wa darasa la jioni