Mafuta yakivuja, bwana diko asikilizwe kwanza

Mei 2015, wakazi wa bonde la mto Thange, kaunti ya Makueni nchini Kenya, waliona mafuta yakielea juu ya maji waliyozoea kunywa, kunyweshea ng'ombe na kumwagilia mashamba. Yalikuwa yametoka kwenye bomba la Mombasa hadi Nairobi, lenye urefu wa kilomita 450, ambalo lilianza kazi 1978. Kesi ilikwenda, mashahidi wakaitwa, vipimo vikabishaniwa. Ilifika Julai 2025 ndipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Makueni ilipoiamuru kampuni ya Kenya Pipeline kuwalipa wakazi zaidi ya 3,000 fidia ya shilingi bilioni 3.8 za Kenya. Mtoto aliyezaliwa mwezi mafuta yalipoonekana alikuwa ametimiza miaka kumi.

Hukumu hiyo ni haki yao, na kila anayeishi jirani na mafuta Afrika Mashariki anapaswa kuijua. Lakini yafaa kuangalia kilichotokea mwanzo. Mafuta yale waliyaona wanakijiji, watu wasio na maabara, wasio na mpango wowote mkononi wa kuwaambia wafunge kisima kipi na wachukue maji ya kupima kutoka wapi. Miaka kumi ya mahakama ni bei ya mwanzo wa namna hiyo.

Chukwani, kwenye pwani ya magharibi ya Unguja, hakupiti bomba kama la Thange. Kinachopita ni meli. Petroli, dizeli na mafuta ya taa yanayotumika Unguja yote huja kwa bahari, na njia ya vyombo vitokavyo Dar es Salaam inapanda upande huu wa magharibi, mbele ya kisiwa cha Chumbe, ambako matumbawe yamehifadhiwa tangu 1994. Kusini yake iko Ghuba ya Menai, eneo la hifadhi tangu 1997 lenye kilomita za mraba 470, na ndani yake wamo wavuvi wa Fumba, Bweleo, Unguja Ukuu na Uzi. Bahari hii ina historia ya kumeza vyombo. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya abiria MV Skagit ilizama karibu na Chumbe, na Unguja ikazika watu wake kwa siku nyingi. Siku ile ilikuwa ya kuokoa roho, na ndivyo ilivyostahili. Ila kila chombo kinachopita pale kina matangi, na siku chombo kilichosheheni mafuta kitakapopasuka, mkondo wa maji unaokwenda kaskazini, ukisukumwa na kusi, hautangoja kikao.

Zanzibar haikosi taasisi. Iko Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, ZEMA, iliyotokana na sheria ya mwaka 2015. Iko ZURA, inayosimamia biashara ya mafuta, na iko Mamlaka ya Usafiri Baharini. Hoja ya makala haya ni kwamba taasisi hizo zinapaswa kuanzia kazi yao dikoni na kwenye shehia. Bwana diko, yaani msimamizi wa mahali samaki wanaposhushwa, na kamati za wavuvi wapewe mafunzo, zana, chupa za kuchukulia sampuli na namba moja ya simu inayopokelewa usiku na mchana, na taarifa yao ihesabiwe kuwa taarifa rasmi tangu dakika wanapoitoa. Mvuvi anayerudi alfajiri na mwanamke anayeokota makombe maji yakikupwa ndio watakaoona mng'ao wa rangi juu ya maji kabla ya ofisa yeyote. Si rahisi satelaiti kuwatangulia watu hawa.

Mauritius walilijifunza hilo kwa uchungu. Julai 25, 2020 meli ya mizigo MV Wakashio ilipanda mwamba karibu na Pointe d'Esny. Siku kumi na mbili baadaye ikaanza kuvuja, na takriban tani 1,000 za mafuta mazito zikaingia kwenye wangwa na mikoko. Wananchi hawakungoja ruhusa. Maelfu walishona magunia na nyavu, wakajaza majani ya miwa, wakayafunga yaelee kama ukuta na kuyatandaza baharini. Kazi ile ilizuia mafuta mengi, na ilifanywa na watu wengi wasio na vinyago vya kuzuia mvuke wala glavu za kufaa. Ari ilikuwepo tele. Walichokosa ni mtu aliyewaandaa mapema. Unguja haina mashamba ya miwa ya kiasi kile, lakini ina makumbi ya nazi, na usumba hunyonya mafuta vizuri. Kwa nini maboya ya usumba yasishonwe, yakajaribiwa na kuwekwa ghalani Chukwani, Fumba na Mtoni sasa hivi, wakati bahari iko shwari?

Mafunzo hayo lazima yatofautishe mafuta na mafuta. Mafuta mazito ya injini za meli hubaki, huganda kwenye mizizi ya mikoko na kuiziba isipumue. Mombasa wanajua: mwaka 1988 tangi lilitobolewa na takriban tani 5,000 zikaingia kijito cha Makupa, na hekta kumi hivi za mikoko zikafa. Mafuta ya aina hiyo huzuiwa na kukusanywa, na mtu haruhusiwi kukanyagakanyaga matope ya mikoko kwa nia njema, kwa sababu miguu huyashindilia mafuta chini zaidi. Petroli ni jambo jingine kabisa. Huruka hewani haraka, na mvuke wake huwaka kwa cheche ya pikipiki. Hapo kazi ya kwanza ni kuwaondoa watu na kuzima kila moto. Agosti 10, 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia na madumu, na zaidi ya mia moja wakafa. Kwenye pwani yenye watu wanaohitaji kila lita, onyo la kutoyakimbilia mafuta yaliyomwagika lisemwe na sheha mwenyewe kwa kipaza sauti cha msikiti, mara kwa mara, kabla ya ajali.

Hatari nyingine haina mawimbi wala kelele. Iko chini ya miguu. Kila sheli ina matangi yaliyozikwa, na tangi la chuma lililozikwa kwenye ardhi yenye chumvi huliwa na kutu. Sehemu kubwa ya Unguja ni mawe ya matumbawe, yenye nyufa na mapango, na maji ya kunywa ya kisiwa yanatoka karibu yote humo ardhini. Tone linaloanguka juu halichujwi na udongo mnene, hupita. Tangi linaweza kuvuja kidogo kidogo kwa miaka, mwenye sheli akaona upungufu mdogo kwenye hesabu na akadhani ni mvuke tu, huku kisima cha jirani kikianza kunuka.

Mfano wa kutisha uko Ogoniland, Nigeria. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya Agosti 2011 ilieleza kwamba katika kijiji cha Nisisioken Ogale watu walikuwa wakinywa maji ya visima yenye benzini, kemikali inayoleta saratani, kwa kiwango kilichozidi mara 900 kile kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani. Juu ya maji ya ardhini yalielea mafuta yaliyosafishwa yenye kina cha sentimita nane. Waogoni walikuwa wamelalamika miaka mingi kabla. Walichokosa ni vipimo vilivyo mikononi mwao, na mtu wa kuvisoma.

Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, walichagua njia tofauti. Wana mamlaka yao wenyewe ya mazingira, na moja ya kazi zake ni kufuatilia matangi ya mafuta yanayovuja kwenye ardhi yao. Nyuma yao upo pia mfumo wa nchi nzima. Mwaka 1984 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kudhibiti matangi ya chini ya ardhi, na 1986 likaanzisha mfuko unaochangiwa na sehemu moja ya kumi ya senti kwa kila galoni inayouzwa. Tangu hapo mivujo zaidi ya 500,000 imethibitishwa, na mingi imesafishwa. Mchango huo haumwumizi mnunuzi, na fedha ipo siku mwenye tangi anapofilisika au kutoroka.

Fedha ndiyo pengo kubwa kwa Unguja. Wapo watakaosema upo mfuko wa kimataifa wa fidia ya mafuta ya meli, wenye makao London, na Tanzania ni mwanachama. Ni kweli, na ni jambo jema. Lakini mfuko huo hulipia mafuta yanayodumu, kama mafuta ghafi na mafuta mazito, yakitoka kwenye meli za kubeba mafuta. Petroli haimo. Mafuta ya taa hayamo. Tangi la sheli ndilo halimo kabisa. Hata Wakashio haikuangukia humo, kwa kuwa haikuwa meli ya kubeba mafuta. Kwa hiyo shehena nyingi zinazopita mbele ya Chukwani zikimwagika, mvuvi wa Unguja hana pa kubisha hodi zaidi ya mahakamani, na Thange imeonyesha safari hiyo ina urefu gani.

Baraza la Wawakilishi linakaa Chukwani yenyewe. Linaweza kutunga tozo ndogo kwa kila lita inayoingia kisiwani na kuifunga kisheria ndani ya mfuko usiotumika kwa jambo jingine lolote, hata bajeti ikibana vipi. Wafanyabiashara watalalamika kwamba bei itapanda, na wasikilizwe, maana nauli ya daladala ni jambo zito kwa watu. Lakini gharama ya mvujo ipo hata sasa. Tofauti ni kwamba leo anayeilipa ni mwenye kisima na mwenye ngarawa, peke yake, kwa afya na riziki yake.

Mfuko nao hauna maana kama mdai hana ushahidi. Mvuvi asiye na daftari atathibitishaje alichokuwa akipata? Ndiyo maana daftari la diko, linaloandika samaki walioshushwa kila siku, lina uzito wa hati ya benki. Linastahili kuandikwa vizuri na nakala yake kuwekwa nje ya diko. Vilevile maji ya visima vilivyo jirani na kila sheli yapimwe sasa, yakiwa bado safi, ili siku yakiharibika kuwe na cha kulinganisha. ZEMA na Mamlaka ya Maji wakianza na Chukwani, Mbweni na Kiembesamaki kabla ya masika, majibu yabandikwe kwenye ofisi ya sheha, kwa Kiswahili, na jina la mtu wa kuulizwa liandikwe chini yake.