Video za Mazingira Zinafundisha Kijerumani: Majibu kwa Wanaozibeza

Kijana anayejiandaa kwenda Ujerumani kwa uuguzi, chuo au mafunzo ya ufundi hakosi mtu wa kumwambia: achana na video za wanyama na misitu, kariri kitabu chako. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, na sina ugomvi na kitabu. Ila hoja zinazotumika kuzibeza video hizi nyingi hazisimami, na zinamnyima mwanafunzi wa Dar es Salaam au Nairobi nafasi ya kukisikia Kijerumani kila siku akiwa mbali na Wajerumani wenyewe. Nitazijibu moja moja.

Inasemwa kwanza kwamba lugha yake ni ngumu mno kwa anayeanza. Ukweli ni kinyume. Katika tamthilia watu hukatizana, humeza silabi na kutaniana kwa misemo ya mtaani. Filamu ya mazingira ina msimulizi mmoja, anayesoma maneno yaliyoandikwa kwa uangalifu, tena hunyamaza kwa muda ili tumsikie ndege au maji. Anachokitaja kipo mbele ya macho yako. Akisema „Der Biber baut einen Damm“, unamwona mnyama akiburuta matawi na kuziba mto, na kabla hujafungua kamusi umeshajua nani anafanya nini. Aliyemaliza ngazi ya A1 anaweza kuanza na Die Sendung mit der Maus, kipindi cha watoto kinachotengenezwa na kituo cha utangazaji cha WDR na kurushwa tangu 1971. Vipande vyake vya kueleza jinsi vitu vinavyofanya kazi hutumia sentensi fupi, na mtu mzima asione haya kuvitazama. Asiyejua hata salamu, huyo kweli aanze na kozi. Nicos Weg ya Deutsche Welle ni bure na inamtoa A1 hadi B1.

Hoja ya pili ndiyo inayowatisha wengi: utajua majina ya ndege, lakini utashindwa kuzungumza na mgonjwa wodini. Wanaosema hivi wanahesabu nomino tu. Hebu tusikilize vitenzi. Mto ukipungua, msimulizi anasema „Der Wasserstand sinkt“. Homa ikishuka, muuguzi anasema „Das Fieber sinkt“. Joto la bahari likipanda, kitenzi ni steigen, na shinikizo la damu likipanda ni hicho hicho. Dhoruba zikiongezeka ni zunehmen. Mgonjwa akiongezeka uzito ni zunehmen pia. Ukame „führt zu“ hasara ya mavuno, na dawa fulani „führt zu“ kizunguzungu. Kueleza kilichobadilika, kilichosababisha na kilichofuata ndiyo kazi ya kila siku ya filamu ya mazingira, na ndiyo kazi ya muuguzi anapokabidhi zamu. Ngazi ya B2, ambayo kwa kawaida hudaiwa kwa muuguzi anayetaka cheti chake kitambuliwe Ujerumani, haivukwi kwa kukariri majina ya viungo vya mwili peke yake.

Halafu kuna mtihani. Katika mazungumzo ya Goethe-Zertifikat B1, mtahiniwa hupewa mada na kuiwasilisha mbele ya watahini: uzoefu wake mwenyewe, hali ilivyo nchini kwao, faida na hasara, kisha maoni yake. Mazingira ni mada ya kawaida kabisa katika vitabu vya B1 na B2. Chukua mifuko ya plastiki. Mkenya ana la kusema, kwani marufuku ya nchi yake ilianza Agosti 2017. Mtanzania analo pia, tangu Juni 2019. Ujerumani ilipiga marufuku mifuko myepesi ya plastiki kwenye kaunta za maduka Januari 2022, baada yetu. Hapo mwanafunzi kutoka Afrika Mashariki ana maudhui zaidi kuliko wengi, na akikwama atakwama kwa maneno tu, maneno ambayo video ya dakika tano kuhusu taka ingempa.

Na akishafika huko, taka zitamkuta mlangoni. Karatasi zina pipa lake, mara nyingi la bluu. Vifungashio huenda kwenye pipa au mfuko wa njano. Mabaki ya chakula yana pipa lao. Chupa nyingi za plastiki zina amana ya senti 25, unayorudishiwa ukiingiza chupa kwenye mashine dukani. Mpangaji anayechanganya taka anaweza kukorofishana na jirani kabla hata hajajifunza jina lake. Sijui ni kitabu gani cha sarufi kitakachomwandaa kwa hilo vizuri kuliko kuona mikono ya mtu ikitenganisha kikombe cha mtindi na kifuniko chake huku sauti ikieleza kwa nini.

Hoja ya tatu: video hazifundishi sarufi. Hazichori jedwali, ni kweli, lakini zinaionyesha sarufi ikiwa kazini. Katika milima ya Harz, misitu mikubwa ya miti ya spruce imekufa tangu ukame wa 2018, kwa sababu miti iliyokosa maji ilishindwa kujikinga na mdudu anayezaliana chini ya gome. Sentensi ya kueleza mkasa huo inaweza kuwa hivi: „Weil es im Sommer kaum regnet, vermehrt sich der Borkenkäfer“, yaani kwa kuwa kiangazi mvua hainyeshi vya kutosha, mdudu huyo huzaliana. Tazama regnet ilivyosukumwa hadi mwisho wa kishazi, na vermehrt ilivyokuja mara tu baada ya koma. Ukisikia mpangilio huo mara kumi katika kisa kimoja chenye sababu na matokeo, sikio huanza kuudai lenyewe. Kauli ya kutendwa nayo, inayowasumbua wengi, imejaa katika video za viwanda vya kuchakata taka: „Die Flaschen werden gesammelt, sortiert und zerkleinert“, yaani chupa hukusanywa, huchambuliwa na kusagwa. Kila kitenzi kina picha yake, na hakuna anayeuliza nani alizikusanya chupa, maana hilo halimhusu mtazamaji. Hiyo ndiyo maana ya kauli ya kutendwa.

Kuna jambo moja ambalo kwalo wabezaji wako sahihi. Der, die na das hazionekani kwenye picha. Lazima uandike kila nomino na kibainishi chake, uisome kwa sauti, na usiku uirudie. Video pia haikujibu unapokosea, kwa hiyo tafuta mtu wa kuzungumza naye.

Wengine wanasema kutazama ni uvivu uliovikwa jina la masomo. Kwa anayejilaza akiangalia filamu ya saa nzima yenye maandishi ya Kiingereza chini, ni kweli: macho yanasoma Kiingereza, masikio yanalala. Zima maandishi hayo. Chukua dakika tatu tu. Sikiliza mara ya kwanza bila maandishi yoyote, uandike maneno uliyoyakamata. Rudia ukiwa na maandishi ya Kijerumani, uone ulichokosa. Simamisha sentensi moja na uitamke pamoja na msimulizi mpaka pumzi zenu zilingane. Mwisho zima sauti, uisimulie picha mwenyewe. Hatua hii ya mwisho ndiyo ngumu na ndiyo yenye faida, kwani hapo unagundua kwamba ulielewa yote lakini huwezi kusema nusu yake.

Bando ni ghali, nakubali. Ndiyo maana nasema dakika tatu. Pakua klipu moja palipo na intaneti ya bure, uitumie wiki nzima. Baadhi ya klipu fupi za Terra X, kipindi cha kituo cha televisheni cha ZDF, zimetolewa kwa leseni huria na kuzipakua ni halali.

Dai la mwisho linaniuma zaidi: kwamba mazingira ya Wajerumani hayatuhusu. Filamu ya mazingira ya Kijerumani iliyovuma kuliko nyingi inahusu ardhi yetu. Serengeti darf nicht sterben (Serengeti haipaswi kufa) ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael ilitoka 1959 na kushinda Oscar mwaka uliofuata. Walihesabu wanyama kutoka angani kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia. Michael alikufa Januari 1959 ndege hiyo ilipogongana na tumbusi, na kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, ambako baba yake naye alizikwa. Grzimek aliamini kwamba hifadhi ya taifa isiwe na makazi ya watu. Mwaka ule ule wa filamu, Wamasai waliondolewa Serengeti na Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo lao na la wanyama. Mjadala wa makazi yao bado haujaisha, na Ujerumani, ambayo imefadhili uhifadhi wa Serengeti kwa miaka mingi, imo ndani yake.

Mambo haya yamesemwa na yanaendelea kusemwa kwa Kijerumani, mara nyingi bila mmoja wetu kuwepo wa kujibu. Ukifika B1, itafute filamu hiyo. Itazame kwa vipande, uandike kinachosemwa kuhusu wanyama na kinachosemwa kuhusu watu, kisha andika ukurasa mmoja kwa Kijerumani ukieleza unapokubaliana na Grzimek na unapomkatalia. Mpe mwalimu wako asahihishe, na ukifika Ujerumani uwasomee Wajerumani.