Mita 60 zinatosha kuokoa msitu wa Ruvuma?

Kutoka Shimo la Mungu, Newala, unaliona bonde la Ruvuma lote chini. Huo mto hautulii. Masika ukijaa, unakula ukingo upande huu na kuacha mchanga mpya upande ule. Sasa zile mita 60 za Sheria ya Mazingira ya 2004 zinapimwa kutoka wapi, kama ukingo wenyewe unahama?

Swali si la wanasheria tu. Msitu wa bondeni unaishi kwa mafuriko: maji yanabeba mbegu, yanaacha tope, miche inashika. Mbegu za mkuyu zinasambazwa na ndege na popo, za mvumo na tembo. Ukilinda miti ukasahau maji na wanyama, unalinda wazee wasio na wajukuu.

Hapo kompyuta inasaidia. Watafiti wa Marekani walitoa programu ya JABOWA mwaka 1972, na tangu hapo msitu unaweza kuoteshwa ndani ya kompyuta. Kila mti unapewa aina na unene. Mwaka hadi mwaka programu inakokotoa: umekua kiasi gani, umepata mwanga, umekufa? Programu za baadaye zimeongeza safari ya mbegu na mafuriko. Kwa muda mfupi unaona miaka 200. Tuseme tunalima hadi mtoni, au mto unazibwa huko juu: jibu unalipata kabla ya shoka.

Kenya wana somo. Bwawa la Masinga lilikamilika Mto Tana mwaka 1981, na watafiti wakaonya kuwa mafuriko yakipungua, misitu ya chini itakosa miche. Kwetu, bwawa la Julius Nyerere, Rufiji, lilianza kujazwa Desemba 2022. Ruvuma bado tuna nafasi ya kuuliza mapema.

Lakini kompyuta si mganga. Ukiipa makisio, inakurudishia makisio. Inataka miti iliyopimwa, kumbukumbu za mafuriko, na wazee wanaojua mto ulipita wapi zamani. Kamba, daftari na simu yenye GPS vinatosha kuanzia.

Juu uwandani hakuna mto, ndiyo maana shamba la bondeni ni mali. Mkulima wa pale anastahili mpaka wenye sababu. Bila vipimo, tutagombana naye kwa mstari ambao masika ijayo mto wenyewe utaufuta.