Kompyuta Isiyotoa Sauti: Tuifungie Kabatini au Tuifanye Somo?

Mwalimu kijana atakayepangiwa kazi Kiswere, au kijiji kingine cha pwani kati ya Kilwa na Lindi, yafaa aondoke chuoni akijua kwamba huenda fundi wa kompyuta asiwe jirani yake. Siku atakapotaka darasa la kwanza lisikilize hadithi iliyorekodiwa, na kompyuta yenye mfumo wa Linux ikakaa kimya, yeye ndiye atakayetazamwa. Wengi hutoa hukumu papo hapo kwamba mashine imekufa. Hufungiwa kabatini, na kipindi cha kusikiliza hugeuka kuwa cha kunakili ubaoni. Kwa mtoto asiyeona hasara ni kubwa zaidi, maana programu ya Orca humsomea kwa sauti maandishi yaliyomo kwenye kioo cha kompyuta.

Sisi twasema kwamba hukumu hiyo ni ya haraka. Sauti hupita njia yenye vituo: programu inayoicheza, mfumo unaoipokea, kadi ya sauti, waya na spika. Kimya hakituambii ni kituo gani kilichoziba. Mwalimu hana budi kupima kimoja kimoja. Akibadili mambo mawili kwa pamoja na sauti ikarudi, hatajua ni lipi lililoponya.

Aanze na lililo jepesi. Spika ijaribiwe kwenye redio au simu; ikilia, haina kosa. Kisha waya utazamwe kama umo katika tundu lake. Ndipo aandike amri «aplay -l». Kadi ikitajwa, mfumo umeiona. Isipotajwa, achunguze ruhusa ya mtumiaji, kisha programu inayoiendesha kadi hiyo. Ikitajwa, afungue «alsamixer». Mfumo wa sauti wa ALSA, ulioingia katika kiini cha Linux toleo 2.6 mwaka 2003, huweza kuanza na milango ya sauti ikiwa imefungwa. Herufi MM zina maana kwamba mlango umenyamazishwa. Kubonyeza M huufungua. Aangalie pia kama sauti haikuelekezwa kwenye waya wa televisheni wa HDMI badala ya spika. Mwisho aandike «speaker-test»: mvumo ukisikika, kosa limo katika programu inayocheza au katika faili la hadithi yenyewe.

Wapo watakaosema kwamba njia fupi ni kuufuta mfumo wote na kuuweka upya. Fundi wa jahazi hakibomoi chombo kinachovuja. Hutafuta mwanya unaopitisha maji, akautia kalafati. Anayefuta kila kitu aweza kupoteza kazi za wanafunzi zilizohifadhiwa, na kama spika ndiyo mbovu, kimya kitabaki palepale.

Kwa hiyo twapendekeza kazi hii ifanywe mbele ya wanafunzi wa madarasa ya juu, wao wakitabiri, na mmoja akiandika ubaoni kilichopimwa na kilichoonekana. Hilo ni somo kamili la sayansi, na vifaa vyake vimo darasani tayari. Wakufunzi nao, badala ya kuwakaririsha wanachuo amri, wawape kompyuta iliyonyamazishwa makusudi wakaitafutie kosa. Aliyekwisha kulitafuta kosa kwa mikono yake hapa chuoni hataifungia kabatini mali ya watoto atakapokuwa peke yake kijijini.